Jicho la Mwewe

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini kijana wa fulana nyekundu akaenda kuketi kando ya dada aliyekuwa mbele yangu. Kifuani mwa fulana palikuwa na picha ya mwewe aliyefumba jicho moja.

"Huyo mwewe nimemchora mimi," dada akasema, bila hata salamu.

Kijana akacheka. "Dada yangu, hii nembo ya timu yetu ya gemu. Kaichora kiongozi mwenyewe."

"Kiongozi wenu hajui kuchora hata yai. Kwenye kompyuta nilichora kila kiungo kwenye tabaka lake, la kuwasha na kuzima: mwili, mbawa, kila jicho. Siku ya kuwatumia picha nikasahau kuwasha jicho la kushoto, likaonekana limefumbwa. Nikaomba nirekebishe, na jina langu liandikwe chini. Mkanitoa kwenye kundi. Shukrani ya punda!"

Mimi nilijifanya nasoma tangazo la dawa ya mende.

"Ulisahau?" Kijana alikunja uso kama aliyetukaniwa mama. "Pale mwewe analenga shabaha! Ndiyo salamu yetu. Kaka yangu tumemzika nayo, mashabiki wote wamefumba jicho moja kaburini. Leo unaniambia ulisahau?"

Dada akageukia dirisha. Nilidhani yamekwisha. Kumbe simjui.

"Pole kwa kaka," akasema. "Lakini mwewe ni wangu."

Basi likasimama. Kijana akateremka bila kuaga. Kituoni, mwenye fulana kama yake akamfumbia jicho moja, naye akajibu. Dada aliwatazama dirishani, kwa macho yote mawili.