Mzee Saning'o, Lesiamon na Injini ya Boksi ya Samawati

Marehemu Mzee Saning'o ole Saruni alizaliwa Bisil tarehe 9 Aprili 1952. Siku hiyo, mama yake alituapia, treni ya Magadi ilipiga honi kule Kajiado, na ng'ombe kumi na wawili wa boma wakazaa kwa mpigo mmoja.

Alisoma Kajiado mpaka darasa la saba, 1967. Alisoma kwa niaba yetu wawili, maana mimi Nashipae, mke wake, shule niliipita nikichunga mbuzi. Mimi nimesema, mjukuu wetu Resian ameandika, na ndiye anawasomea.

Mwaka wa 1973 aliajiriwa stesheni ya Kajiado, mtu wa bendera, siku moja na mtu wa rika lake, Lesiamon. Ndiye yule amesimama karibu na lango. Msigeuke. Walikula sahani moja miaka thelathini na nne. Hata harusi yetu, tarehe 18 Desemba 1976, Lesiamon ndiye alimsimamia.

Walipostaafu, 2007, tukahamia Kitengela na meza yangu ya kulia ikawa reli. Walikuwa wakitafuta treni ndogo za umeme, za kuchezea, kwa mitumba ya Gikomba, wakizikagua kama fahali wa soko la Bisil. Kampuni walizitaja kwa rangi ya boksi, na mbaya kuliko zote walikubaliana: boksi ya njano. Plastiki tupu, gurudumu linang'oka kama jino la mtoto. Lakini bora? Saning'o aliapa ni boksi nyekundu, chuma, nzito. Lesiamon akasema samawati: inatembea polepole bila kukwama, na haipigi kelele.

Tarehe 26 Desemba 2017, nyumba imejaa wageni, wakajenga mlima wa mbao, wakauita Kona Baridi. Nyekundu ikapanda na mabehewa manne. Samawati ikateleza hata na moja.

"Kampuni yako ni ya wajinga," Saning'o akasema, watu wakisikia. "Na hata bendera ulikuwa unapeperusha hivyo hivyo, ukibahatisha!"

Lesiamon akaweka kikombe chini. "Saning'o, chai yako sinywi tena."

Akaiacha injini yake mezani, akaenda. Hakurudi miaka saba.

Figo za mzee zilianza kumsumbua 2023. Januari mwaka huu, hospitalini, nikamwambia lililonikaa kooni: asubuhi ile nilipaka magurudumu ya samawati mafuta ya kondoo. Nilitaka tucheke tu. Walipokasirika, nikaogopa kusema.

Alinigeuzia uso.

"Umeiosha?"

"Nimeiosha."

"Ikapanda?"

"Na mabehewa sita, baba Dennis."

Akafunga macho. "Nilimtukana mbele ya watu. Usimwambie pembeni. Sema mbele ya watu, kabla hamjanizika."

Alituacha tarehe 11 Februari 2025.

Resian, hapo simama kidogo, niinue nyasi.

Lesiamon, nimeinua nyasi, vile wazee wetu wanaomba amani. Kosa ni langu. Jeneza liko juu ya kamba na vijana wanangoja. Likishuka kabla hujaipokea hii nyasi, ameenda na lile tusi.

Mzee ameacha mke, Nashipae, watoto, Dennis na Kakenya, wajukuu watano, injini moja ya samawati, safi kabisa, na rafiki, Lesiamon, kama atakubali jina lake libaki kwa karatasi hii.

Njoo, Lesiamon. Ukishapokea, mzee wangu atapumzika kwa amani.