Leo Mama Jagi Anakaa Upande wa Wageni

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi katika ukumbi huu wa sherehe, mwenzetu tunayemwita Mama Jagi anastaafu rasmi leo, tarehe thelathini. Kwa mara ya kwanza ameingia kwa mlango wa mbele, amevaa viatu vyenye kisigino, na amepigwa marufuku kukanyaga jikoni. Mpishi mkuu, ambaye mwili wake unatosha kuziba mlango, ndiye aliyepewa jukumu la kumzuia. Mimi niliyekuwa msaidizi wake wa kaunta nimepewa majukumu mawili: kuandika wasifu huu na kutengeneza majagi ya mojito ya kumuagia. La kwanza najikongoja nalo. La pili linanitoa jasho tangu asubuhi.

Kwa jamaa zake waliokuja leo na hawaijui kazi yake vizuri, mojito ni kinywaji cha ndimu, mnanaa, shira ya sukari, kileo cha ramu na maji ya soda yenye mapovu. Kutengeneza glasi moja si kazi ya kujivunia. Kazi ni kutengeneza ya ukumbi mzima, kwenye majagi, na mgeni wa meza ya nyuma anywe kitu kilekile anachokunywa mgeni wa meza kuu. Hapo ndipo wengi wetu huumbuka.

Mama Jagi aliajiriwa kuosha vyombo. Wakati huo mzee wa kaunta alikuwa akitengeneza mojito glasi baada ya glasi, na kwenye harusi kubwa wageni walikuwa wakiondoka na kiu yao. Mwosha vyombo wetu akapendekeza majagi, na kwa kuwa alipendekeza yeye, akaambiwa atengeneze yeye. Kwa haraka na kwa woga alichukua mnanaa wote akausaga kwenye mashine ya juisi. Jagi likatoka la kijani kibichi, chungu, limejaa makapi. Picha za harusi ile bado zipo, na bwana harusi anatabasamu kwa furaha ya kweli akiwa na jani limeganda kwenye jino la mbele.

Mtu mwingine angerudi kwenye masinki yake akanyamaza. Yeye alikaa wiki nzima akiponda mnanaa kwa mchi wa mbao, akionja, akimwaga, akianza tena, mpaka akajua kwamba jani linataka kuminywa tu litoe harufu yake. Kila aliyefundishwa naye amesikia maneno haya: "Mdogo wangu, mkono mwepesi, huo mnanaa haujakukosea kitu." Ndimu zikamuliwe siku hiyohiyo. Barafu ikae kwenye glasi, isikae kwenye jagi ikalizimua. Soda iingie mwisho kabisa, wageni wakiwa wameshaketi. Ukiitia mapema utawapa watu maji ya ndimu yaliyokata tamaa.

Niseme wazi jambo ambalo katika wasifu wa namna hii huwa halisemwi: Mama Jagi ni mtu wa wasiwasi. Hajawahi kuwa na siku ya sherehe akala chakula cha mchana. Akiwa likizo hupiga simu ofisini kuuliza kama friza imewashwa. Siku binti yake alipoolewa, mbali na hapa, katibu muhtasi wetu alipokea simu yake huku vigelegele vikisikika nyuma. Alikuwa anaulizia barafu. Tulimcheka sana, na tunaendelea kumcheka, lakini huo wasiwasi wake umetufichia aibu nyingi.

Kubwa kuliko zote ni ile ya bibi wa mhitimu, kwenye sherehe ya mahafali. Mnajua kwamba kila sherehe huwa na majagi ya aina mbili, yenye ramu na yasiyo na ramu, na kwa macho yanafanana kama mapacha. Mama Jagi hufunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa jagi lenye ramu. Jagi lisilo na kitambaa ni la wasiotumia kileo, madereva na watoto. Basi siku hiyo mwosha vyombo mgeni kazini aliviona vile vitambaa vimechafuka, na kwa moyo mzuri kabisa akavifungua, akavifua, akavianika kwa mpangilio. Majagi yakabaki yametazamana pale kaunta. Mhudumu akabeba la kwanza lililomkaribia, akaenda nalo meza ya bibi wa mhitimu, mwanamke ambaye maisha yake yote kileo hakijagusa mdomo wake.

Mama Jagi alitoka chooni, akaona vitambaa vyekundu kwenye kamba ya nguo, akaelewa. Alikatisha ukumbi mzima na aproni yake, akapita mbele ya mgeni rasmi aliyekuwa anahutubia, akaichukua ile glasi mkononi mwa bibi ikiwa imeshainuliwa. Akamwambia kwa heshima zote kwamba ameingia mdudu. Bibi akataka kumwona huyo mdudu. Mama Jagi akamimina kila kitu kwenye chungu cha maua, akasema mdudu amekwenda zake. Maua hayakudhurika, na wapo wafanyakazi wanaoapa kwamba yalichangamka.

Sisi tulicheka. Yeye alikwenda stoo akalia. Tangu siku ile hakuliamini tena jicho wala kitambaa. Akaanza kutembea na kijiko kidogo mfukoni mwa aproni, na hakuna jagi lililoondoka kaunta kabla hajalionja na kusema neno moja: "Lipite." Neno hilo lilitutosha sote. Akishalisema, mhudumu anabeba na mimi napumua.

Sasa mtanielewa kwa nini naandika ukurasa huu wa mwisho nikiwa nimesimama, karatasi juu ya friza, huku katibu muhtasi akinigongea dirisha kwa sababu mashine ya kuchapa inanisubiri. Mnanaa wa leo ulifika umelegea, nikautia kwenye maji baridi, ukaamka. Shira nimeipika mara mbili. Vitambaa nimevifunga, nikaingiwa na shaka, nikavifungua, nikavifunga tena, na sasa siwezi kuapa kwamba kila kitambaa kimerudi kwenye jagi lake. Katika meza kuu ameketi dada mkubwa wa Mama Jagi, aliyemlea kama mwanawe. Yeye naye hagusi kileo. Jagi lisilo na ramu ndilo litakalowekwa mbele yake, na nikikosea leo hakuna atakayekatisha ukumbi mbio kuja kuniokoa.

Mwenyewe Mama Jagi alifika kabla ya wageni wote, kama tulivyotarajia. Nikichungulia namwona pale mbele akinyoosha vitambaa vya meza ambavyo havijapinda. Mara mbili ameelekea chooni kwa njia inayopita jikoni, na mara mbili mpishi mkuu amemrudisha kwa upole. Roho ikanishinda. Nikamimina kidogo kutoka kila jagi kwenye vikombe vidogo, nikavipanga kwenye sinia pamoja na kile kijiko chake alichoniachia, nikamtuma mhudumu. Nilitaka neno lake tu. Mara hii ya mwisho, halafu nitakua.

Sinia limerudi kama lilivyokwenda. Kijiko kikavu. Mhudumu anasema Mama Jagi aliviangalia vile vikombe kwa muda mrefu, mkono wake ukaenda, ukarudi, akaukalia. Kisha akatuma salamu: "Mwambie mdogo wangu, mimi leo ni mgeni. Mgeni haonji, anakunywa."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwona amenitupa kwenye maji ya kina. Halafu nikamchungulia tena, nikamwona ameukalia mkono wake kwelikweli, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki, na midomo inamcheza. Anaogopa kuliko mimi. Anaogopa, na amekubali kuogopa akiwa ameketi, ili mimi nisimame.

Basi Mama, nimechukua kijiko. Nimeonja jagi moja baada ya jingine, na kati ya moja na jingine nimekunywa maji kama ulivyonionyesha. Kitambaa kimoja kilikuwa kimepotea njia. Nimekirudisha kwenye jagi lake, nikaonja tena yote tangu mwanzo, mpaka mpishi mkuu akauacha mlango akaja kunishikia sinia. Kama ulitoroka ukaingia jikoni wakati huo, tumekusamehe.

Kwa niaba ya msimamizi wa ukumbi na wenzako wote, tunakushukuru kwa kila sherehe uliyokaa na njaa ili wengine washibe. Tunakutakia asubuhi ambazo hazina friza ya kuulizia, harusi utakazocheza mpaka mwisho, na afya ya kuwabeba wajukuu. Leo kula chakula chako kikiwa moto, na huo mkono uliouficha utoe, ushike glasi.

Na jagi lililo mbele ya dada yako ni la ndimu, mnanaa, shira na soda. Hamna kingine ndani yake. Nimelionja mimi.

Lipite.