Risala ya Walimu wa Lugha Waliohamishiwa Kuandaa Masomo ya Simu: Mama Matamshi Arudishwe Kazini

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa kampuni yetu. Wakuu wa idara. Mafundi mliokesha hapa mkifunga mitambo. Na wenzetu wote.

Karibu

Sisi waandaaji wa masomo, ambao zamani tuliitwa walimu wa lugha, tunakukaribisha kwa heshima zote ufungue studio hii ya kurekodia. Ni nzuri. Imepigwa zulia mpaka ukutani, hata mtu akilia humu ndani, aliye kwenye korido hasikii.

Tulikotoka

Chuo chetu cha lugha kilipofungwa, ulikuja mwenyewe ukasimama mbele ya ubao, ukatuambia, "Walimu wangu, hamuachi ualimu. Mnakwenda kufundisha wengi zaidi." Wengine tulitokwa na machozi, lakini tulikuamini.

Tukajifunza kazi upya ukubwani: kukata somo vipande vifupi, kupanga picha, maswali na vitufe. Mwanzoni tulikuwa kichekesho. Katika rekodi zetu za kwanza tulisalimia, "Hamjambo?" kisha tukakaa kimya, tukisubiri darasa liitikie. Fundi sauti akauliza, "Mwalimu, unamsubiri nani?" Tulicheka naye siku ile. Siku hizi hatucheki.

Tuliyoyafanya

Masomo yetu yako kwenye simu za watu wengi kuliko wote waliowahi kukaa madarasani mwetu. Mkuu wa masoko ameshakuonyesha michoro yake ya rangi, hatutakuchosha. Tunasema tu kwamba ni jasho letu, ingawa hamna hata jina moja la mwalimu kwenye skrini.

Yanayotuumiza

Katika kila somo mwanafunzi hubonyeza kitufe, akarekodi sauti yake. Mfumo humjibu, "Vizuri sana! Endelea." Humjibu hivyo hata akikohoa. Sauti zenyewe hazisikilizwi na mtu. Tulipouliza, msimamizi alitujibu, "Nyie mnaandaa masomo, hamfundishi." Maneno hayo hatujayasahau mpaka leo.

Mwenzetu mmoja, ambaye tangu chuoni tunamwita Mama Matamshi, alishindwa kuvumilia. Akazifungua sauti zile. Akamkuta mwanamume mmoja ambaye, badala ya kurudia sentensi ya kuagiza chai, aliuliza, "Mwalimu, mama mkwe wangu ndiye mwenye lugha hii, na nimemkosea. Nimwombeje radhi?" Mfumo ukamwambia vizuri sana, endelea. Masikini akauliza tena. Vizuri sana, endelea.

Mama Matamshi akamrekodia jibu: "Mwanangu, usimrushie samahani kama mtu uliyemkanyaga sokoni. Kaa chini, mwite mama, sema nimekosa, halafu unyamaze. Usijitetee." Akamfundisha kila neno, taratibu, mpaka ulimi ukazoea. Baadaye yule bwana alirudi kushukuru: mama mkwe amempokea, na mkewe, aliyekuwa amehamia kwa mama yake, amerudi nyumbani.

Kwa kosa hilo, linaloitwa kuwasiliana na mteja nje ya utaratibu, Mama Matamshi amesimamishwa kazi. Ijumaa anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni wewe.

Ombi letu

Tulikuwa na maombi mengi: viti visivyotuvunja migongo, dirisha linalofunguka, na mengine ya namna hiyo. Tumeyaacha yote. Tunaomba moja tu, Mama Matamshi arudishwe kazini, na kusikiliza wanafunzi kuwe sehemu ya kazi yake.

Ofisi iliipitia risala hii jana, ikatutaka tuiondoe sehemu hii. Hatukuiondoa. Kama hilo nalo ni kosa, basi Ijumaa tuitwe sote.

Mgeni rasmi, tuna uchungu, na hatuoni sababu ya kuuficha kwa kuwa leo ni sherehe. Ualimu hatukuuacha, tulinyang'anywa, kisha tukatakiwa kushukuru. Tunamwomba Mungu akupe afya njema, na akulinde na watu wanaokuambia mambo yote ni shwari.

Na kama umeshaamua kumfukuza, usimwachie mtu wa ofisi kazi hiyo. Tumekuja naye. Ni yule mama wa mstari wa nyuma, mwenye miwani na mtandio wa bluu. Mwambie mwenyewe.

Ni sisi,
Walimu wa Lugha.