Bi Vikombe na Tanuri la Mtumba

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetutoka wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka hamsini na tisa. Mtaani kwake walimwita Bi Vikombe. Alikuwa mfinyanzi.

Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi kwenye kiwanda cha vyombo vya udongo. Kazi yake ilikuwa moja: kubandika mikono ya vikombe, ile ya kushikia. Mwingine alifinyanga, mwingine alipaka rangi, mwingine alichoma. Yeye alibandika mkono. Miaka ishirini na sita, mikono ya vikombe tu.

"Mama alikuwa anasema, nimebandika mikono ya vikombe vya nchi nzima, lakini cha kwangu mwenyewe sina," anasimulia binti yake. Binti huyu ni fundi cherehani, na ndiye aliyekuwa akiishi naye.

Kiwanda kikafungwa. Bi Vikombe akarudi nyumbani na gurudumu la kufinyangia, lile la kuzungushwa kwa mguu. Sasa, akasema, nitafinyanga kikombe kuanzia tonge mpaka ukingo. Lakini asubuhi vidole vilikuwa havikunjuki mpaka avitie kwenye maji ya moto. Daktari akavitazama vifundo, akavibonyeza kimoja kimoja.

"Mama, mikono hii itafunga, isikunjuke tena. Mwaka mmoja, labda usifike."

Alitoka pale, binti anasema, kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa nje yeye akiwa ndani.

Wasikilizaji wapendwa, kikombe kisichochomwa si kikombe. Ni tope lililokauka. Kitie maji, kinarudi kuwa tope. Bi Vikombe alihitaji moto, na alihitaji moto kabla mikono haijafunga.

Akapata tanuri la umeme, la mtumba, kwenye chuo kilichofunga darasa la ufinyanzi. Lilikuwa kama pipa kubwa la matofali mepesi, na ndani koili za kutoa joto zimezunguka ukutani. Lilikuwa limekaa nje miaka. Kuku alikuwa ametaga ndani.

"Dada, umenunua tanuri au banda?" aliuliza kaka yake, aliyelileta kwa mkokoteni.

"Tanuri. Mayai ni nyongeza."

Halikupita mlangoni. Wakang'oa fremu ya mlango wa stoo, wakalisukuma ndani, wakaliweka mbali na ukuta. Fundi umeme akabadilisha koili mbili zilizokatika. Kisha akagonga kisanduku kidogo cha pembeni, kile cha kuzima tanuri lenyewe joto likitosha.

"Hiki sikiamini, mama. Msiliache peke yake. Mkae nalo, mzime kwa mkono."

Mara ya kwanza alipanga vikombe kumi na viwili. Vilikuwa havijakauka vizuri, na alijua. Lakini vidole viwili vilikuwa vimeshakataa kunyooka, naye akaona hana siku za kungoja. Baada ya saa moja vikaanza kupasuka ndani, pu, pu, kama bisi. Vyote kumi na viwili. Hakuna aliyethubutu kumtajia ile methali ya haraka.

Mara ya pili tanuri lilivuta umeme mwingi, ukakatika nyumba zote za safu yao. Kinyozi wa jirani akaja na mashine mkononi, na nyuma yake mteja mwenye kichwa nusu.

"Bi Vikombe, huyu nimmalizie na kisu?"

Bi Vikombe alicheka siku ile. Binti anakumbuka, kwa sababu hakumsikia akicheka tena kwa muda mrefu. Fundi alivuta waya mnene wa tanuri tu, kazi iliyokula miezi miwili, na miezi miwili ile ikala vidole.

Mara ya tatu vilikuwa vikombe tisa. Tisa vya mwisho ambavyo mikono yake iliweza kufinyanga. Safari hii alisubiri vikauke kabisa. Alikaa na tanuri tangu alfajiri. Mchana maumivu yakamzidi, akaenda jikoni kuloweka mikono, akasinzia mezani. Kisanduku kile hakikuzima. Alipozinduka, kwenye tundu la kuchungulia moto ulikuwa mweupe. Kesho yake walipofungua, vikombe tisa vilikuwa vimelala kama mishumaa iliyoyeyuka, vimegandiana.

Alikaa chini, sakafuni. Siku tatu hakugusa udongo. Siku ya nne binti akamwambia, "Mama, nifinyange mimi. Wewe uniongoze."

"Hicho kitakuwa chako, mwanangu. Nitakifurahia. Lakini kitakuwa chako."

Kisha akachukua tonge la udongo. Vidole havikushika. Akalibana kwa viganja, akalisukuma kwa viwiko, akalitoboa kwa kifundo cha mkono. Likaanguka. Akaliokota. Siku sita alikifanyia kazi kikombe kimoja. Kilikuwa kinene, kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza. Akakiacha kikauke wiki tatu, na kila asubuhi alikigusisha shavuni. Kikiwa baridi, bado kina maji. Asubuhi moja hakikuwa baridi.

Siku hiyo wakawasha. Saa nne tanuri lilikuwa limeshika wekundu, na Bi Vikombe akashika kifua. Akashindwa kuvuta pumzi. Kaka yake akaleta teksi.

Binti alikuwa amefungua mlango wa gari apande naye. Mama yake akamzuia kwa kiwiko.

"Rudi ndani."

"Mama, tunazima. Tutachoma siku nyingine."

"Siku nyingine ipi? Moto ukifika rangi ya kiini cha yai, zima. Rudi ndani, mwanangu. Nakuomba."

Kaka yake anasema hakuwahi kumsikia dada yake akiomba kitu maishani.

Binti akarudi ndani. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, jicho kwenye tundu, simu mapajani. Wekundu. Rangi ya chungwa. Mjomba akapiga: njoo. Bado rangi ya chungwa. Mjomba akapiga tena, na safari hii hakusema, alilia tu.

"Ulipofika rangi ya kiini cha yai nilizima, saa tisa," binti anasema. "Nikakimbia. Nikamkuta bado anapumua. Akaniuliza, umezima? Nikasema nimezima. Akasema, usifungue mpaka kesho."

Alifariki jioni ile.

Kesho yake, nyumba imejaa waombolezaji, binti akaingia stoo peke yake, akainua kifuniko. Kikombe kilikuwa kizima. Akakijaza maji, akakiweka mezani, akasubiri. Hakikuvuja.

Kwa binti, kwa kaka, na kwa jamaa wote, kipindi hiki kinawapa pole. Mungu awape subira. Nanyi wasikilizaji wapendwa, huenda nyumbani kwenu yuko mtu anayepigania jambo ambalo nyinyi mnaliona dogo. Leo muulizeni ni nini, na mumsikilize mpaka mwisho.

Nilimuuliza binti kama anajuta zile saa tano alizokaa na tanuri.

"Najuta," akasema. "Kila siku najuta. Na angeniomba tena, ningekaa."