Mama Yetu na Uwanja wa Senta

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza mama yetu, asanteni kwa kufika. Wengine mmefika ingawa mlikuwa na sababu ya kutofika, na familia inalijua hilo. Tumeuandika wasifu huu kama yeye mwenyewe alivyotaka uandikwe, si kama sisi tulivyotaka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi seremala na mkunga. Tangu utotoni alikuwa na mkono usiotulia. Alichora chini kwa kijiti kila alichokiona: nyumba, choo, banda la kuku, njia ya kwenda kisimani. Babu yetu alikuwa akitoka asubuhi anakuta mbele ya nyumba hapapitiki kwa michoro, naye hakuwa na moyo wa kuikanyaga. Alizunguka nyuma ya nyumba huku akinung'unika, "Siku hizi kutoka kwangu mpaka nipate kibali cha mtoto."

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akaendelea na sekondari ya bweni mwaka 1973. Hesabu zilimtoa jasho, lakini jiografia aliimeza. Mwaka 1982 alihitimu chuo cha mipango miji akiwa mmoja wa wanawake wawili darasani, na mwaka uliofuata aliajiriwa na halmashauri ya mji wetu, wakati huo ukiwa bado mji mdogo wa pembezoni ambao watu wa jiji walikuja kulala tu.

Ofisini ndipo alipokutana na baba yetu, fundi umeme aliyeitwa kubadilisha taa. Baba alisimamisha ngazi yake juu ya karatasi iliyotandazwa sakafuni.

"Samahani dada, nimekanyaga nini?"

"Zahanati yote na nusu ya soko."

"Basi niambie pa kusimama pasipo na wagonjwa."

Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985, wakajaliwa watoto watatu. Baba alizoea kusema kwamba ameoa mke ambaye kwake hata kabati halisogezwi mpaka watu wote wa nyumbani watoe maoni. Na kweli, nyumbani kwetu hata mtoto wa miaka mitatu aliulizwa kitanda chake kikae wapi.

Mwaka 1997 halmashauri iliamua kuandaa mpango wa kukuza senta, yaani kitovu cha mji wetu, kwa miaka ishirini ijayo: maduka, stendi, zahanati, barabara za waendao kwa miguu. Wananchi walitakiwa washirikishwe, na kazi hiyo akapewa marehemu, aliyekuwa ndiyo kwanza amepandishwa cheo. Mikutano ilifanyika katika ukumbi wa shule ya msingi tuliyosoma sisi watoto wake. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mama alibandika ramani kubwa ukutani, akagawa vipande vya karatasi: kijani kwa mahali panapopendwa pabaki, nyekundu kwa panapotakiwa pabadilike.

Wengi mnaikumbuka mikutano ile. Palikuwa na mzee tuliyemwita Mzee Redio, kwa kuwa akifunguka hazimiki. Kila mara alianza na "Mimi sina mengi," na ukumbi mzima ukacheka, maana walijua sasa hakuna kwenda nyumbani. Alitaka vyoo stendi, alitaka kivuli, alitaka taa. Lakini juu ya jambo moja hakuna aliyebishana. Uwanja wa wazi wa katikati, mahali watoto walipochezea, wagonjwa wa zahanati walipopumzika na mafundi cherehani walipoweka mashine zao, ulibandikwa karatasi za kijani mpaka jina lake likafunikwa.

Fundi cherehani aliyekaa pale miaka mingi kuliko wote alimwuliza, "Mwanangu, hizi karatasi zetu zinakwenda wapi?"

Marehemu alijibu, "Zinakwenda kwenye mpango, mama."

Hapo ndipo penye aibu yake, na ametaka isomwe mbele yenu. Kabla ya mkutano wa kwanza, mkuu wake wa kazi alikuwa amemwita na kumwambia kwamba uwanja umeshatolewa, litajengwa jengo la maduka la ghorofa sita, na mikutano ni ya kuwapa watu nafasi ya kupumua tu. Marehemu hakubisha. Alirudi nyumbani akamweleza baba, na baba alipomwuliza kwa nini asikatae, alisema, "Nikikataa wataleta mwingine asiyewapenda watu kama ninavyowapenda mimi." Maneno hayo yalimtesa baadaye kuliko mengine yote aliyowahi kuyasema.

Mwaka uliofuata mabati yakazungushwa uwanjani. Watu wakajaa ukumbini kwa hasira, na halmashauri ikamtuma yeye aende kuwatuliza, kwa kuwa walimwamini. Alikuwa na maelezo yaliyoandaliwa. Kabla hajayafungua, fundi cherehani akasimama.

"Mwanangu, sitaki hotuba. Siku ile ulipotupa karatasi, ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema ni amri ya wakubwa. Angeweza kusema mambo yalibadilika. Alisema, "Nilijua, mama. Nilijua kabla hamjakaa."

Hakuna aliyemtukana. Watu waliinuka, madawati yakaburuzwa, wakatoka mmoja mmoja. Mzee Redio alipita mbele yake bila kufungua mdomo. Marehemu alituambia kwamba alikuwa tayari kwa matusi, hata mawe. Kimya cha yule mzee hakukitegemea, na hakikumtoka moyoni.

Alihamishiwa chumba cha kutunzia majalada, na mwaka 2000 akaacha kazi. Hakuwa tena na pa kuuweka uso. Alikwenda kununua sabuni mtaa wa pili ili asipite senta. Majirani walimwitikia salamu na kuishia hapo hapo. Shuleni tuliitwa watoto wa muuza uwanja, na ndugu yetu wa kati akaanza kudanganya kwamba mama yake ni mtu mwingine. Mama alilijua hilo, hakumwadhibu. Baba alipopendekeza tuhame, alimjibu, "Tutahama na nani? Si nitakuwemo kwenye gari hilo hilo?"

Miaka kumi ikapita tangu mabati yale yazungushwe. Mwaka 2008 halmashauri ilitangaza mpango mpya wa eneo la stendi ya zamani, kando ya zahanati. Jioni moja yule fundi cherehani alibisha hodi kwetu. Tangu uwanja ujengwe alikuwa akishonea kwenye ujia wa jengo, mahali pasipo na mwanga. Alikataa kiti.

"Sijaja kukusamehe," alisema. "Tumeletewa ramani, na hatutaki kufanywa wajinga mara ya pili. Njoo utusomee."

Marehemu alivaa viatu papo hapo, akasahau kuzima jiko.

Walipoingia ukumbini mtu mmoja alisema kwa sauti, "Huyu tena?" Mama akamjibu, "Ndiyo, huyu huyu. Ninayajua maneno watakayowaambia kwa sababu niliwahi kuyasema." Kisha akawaeleza mistari ile ina maana gani, na akawasihi wasibandike hata karatasi moja mpaka maofisa waseme mbele ya watu wote ni kipi kimeshaamuliwa na kipi hakijaamuliwa. Maofisa walipokuja, mzee mmoja baada ya mwingine aliwauliza hilo hilo. Waliumauma maneno, wakaomba muda, wakarudi. Mwishowe nusu ya eneo ilichukuliwa kwa maegesho, na nusu ikabaki wazi: miti, mabenchi, vyoo, na banda la mafundi. Haukuwa ushindi kamili, na marehemu hakuruhusu mtu auite hivyo. Siku ya ufunguzi alibaki nyumbani akifua mapazia. Tulipombembeleza aende, aliuliza, "Nikasimame pale ili nionekane nimefanya nini?"

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa mara kadhaa, na baba alimuuguza kwa mikono yake mpaka mwisho. Wiki zake za mwisho, fundi cherehani alifika hospitali, akakaa kando ya kitanda, akaona upindo wa gauni la mgonjwa umefumuka. Alitoa sindano kwenye mkoba akaushona polepole. Hawakuzungumza juu ya uwanja. Hakuwahi kumwambia amemsamehe, na mama hakuwahi kumwomba atamke hivyo.

Mimi binti yake wa kwanza nilimsomea rasimu ya wasifu huu akiwa hai, kwa kuwa aliitaka. Nilikuwa nimeandika kwamba aliongoza mpango wa senta kwa ufanisi. Akasema, "Futa."

"Mama, watu watakuwepo."

"Ndiyo maana. Ukiona aibu kusoma, mpe mdogo wako."

Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Ameacha mume, binti wawili na mwana mmoja, wakwe, wajukuu wanne, na ndugu zake watatu waliobaki.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na majirani. Yeyote aliyepoteza mahali pake pa kazi au pa kupumzikia kwa sababu ya kimya cha mama yetu, tunamwomba asiondoke na uchungu wake peke yake. Baada ya mazishi, sisi watoto tutakuwa tumekaa kwenye mabenchi ya stendi ya zamani mpaka jua lizame. Aje aseme, nasi tutasikiliza.

Mungu ampokee mama, amkalishe mahali pa utulivu.