Ng'ombe wa Mawe

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Gidamis zima hiyo redio, maana sauti yangu imebaki ndogo na sitarudia. Habari ya ng'ombe wenye pumzi haina maneno mengi. Wamepungua tangu malisho ya bondeni yalimwe ngano, na waliobaki ni wako, Gidamis, isipokuwa yule niliyempa dada yako Juliana alipoolewa, yeye na uzao wake asiwaguse mtu. Ninachotaka kusemea ni ule mfuko wa ngozi pale mlangoni, ambao asubuhi Gidamis uliuita takataka.

Mawe yaliyomo niliyaokota utotoni nikichunga ndama, na kila jiwe lina jina na rangi ya ng'ombe wa baba yangu. Nyinyi wenyewe mmeyachezea hapo uani. Gidamis, jiwe jeupe uliliuguza wiki nzima, ukakataa kula mpaka lipone, na Juliana uliwahi kuozesha jiwe kwa jiwe ukadai mahari kwa mama yako. Leo wewe Gidamis unayaita takataka, baba.

Wakati wa mavuno uliwanunulia wanao gari la kuchezea, la kuzungushwa ufunguo, dukani kwa Shumbana, pale Dongobesh. Likakimbia, wakapiga makofi, ukawakataza kulishika wasiliharibu, na ufunguo ulipokatika likatundikwa msumarini. Sikulaumu, ulinunua kwa upendo, lakini gari lile lilicheza lenyewe na watoto wakabaki watazamaji. Mkimchagulia mtoto kitu cha kuchezea, jiulizeni kesho atakifanyia nini. Chagueni kile kisichoogopa vumbi, kinachokubali leo kuwa ng'ombe, kesho mgeni, na siku akihuzunika kiwe mama.

Niwaambie jambo, mkitaka kucheka chekeni. Tangu mama yenu afariki, na wewe Gidamis uhamie kwenye nyumba za wafanyakazi kule shambani, na Juliana uwe Dongobesh, hapa Gendabi nasikia kombaini tu zikivuna mbali. Jioni huyatoa mawe yale nikayachunga mimi mwenyewe, mzee mzima, nayapeleka hadi kwenye kivuli cha ukuta na kuyarudisha. Nilikuwa mpweke, wanangu. Nilikuwa mpweke sana, na sikutuma mtu awaambie.

Likizo iliyopita, Justina wa Juliana alipoondoka, nilimkosa mfukoni yule mweusi mwenye baka usoni. Nilimtafuta uani kwa fimbo mpaka miguu ikakataa, nikadhani nimempoteza mimi kwa macho haya mabovu. Leo mmefika, mtoto akaniamkia shikamoo, akafungua kiganja, na mweusi wangu yumo, anang'aa kwa kushikwashikwa, na pembeni yake kijiwe kidogo nisichokijua.

"Babu, amezaa," akaniambia.

Kwa hiyo mfuko ule ni wa Justina. Najua, Gidamis, kwetu mifugo hurithiwa na wanaume. Wenye pumzi umewapata, usinune. Hawa wa mawe ni wa yule aliyewafanya wazae, na wanao wakitaka kuchunga waende kwa dada yao wakaombe. Msiyaoshe. Msiyapange kabatini wageni wayaone. Likipotea moja, msimchape mtoto, mwacheni atafute jingine alipe jina.

Nizikeni upande wa zizi, karibu na mama yenu. Nipeni maji kidogo... Basi, yametosha.

Mungu awape maziwa, awape mvua kwa wakati wake, na nyumba zenu zisikose vumbi la watoto. Gidamis, mpende dada yako. Juliana, mlete mtoto mara kwa mara kwa mjomba wake, hata mimi nikiwa sipo... hasa nikiwa sipo.

Yuko wapi Justina? Mketisheni hapa chini, karibu na ngozi ninayolalia, amwage mfuko. Mwambieni asiharakishe, yule ndama bado mdogo. Mimi nitafumba macho nisikilize tu... Mlango msiufunge kwanza. Mngoje awarudishe ng'ombe wote.