Dada Mkubwa Aliyejifunza Kupiga Kulia

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofanya kazi na dada yetu, poleni kwa msiba na poleni kwa safari, familia inawaomba mtulie kidogo, kwa sababu marehemu aliacha agizo kwamba maisha yake yasomwe kama yalivyokuwa, wala yasipakwe rangi kwa ajili ya siku ya leo, na kila aliyemfahamu anajua kwamba alikuwa akisema jambo mara moja tu.

Marehemu, ambaye nyumbani tulimwita Dada Mkubwa, na wengi wenu mkamwita hivyo hivyo hata mliomzidi umri, alizaliwa tarehe 9 Mei 1963 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga karibu na karakana ya mabasi, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mama aliyekuwa akiwafulia watu na kuwapigia pasi, akafuatwa na mdogo wake wa kiume, ndiye anayewasomea maneno haya, na miaka mingi baadaye, wazazi wakiwa wameshagawa nguo zote za kichanga, akazaliwa msichana wa mwisho, ambaye jina la Kitinda lilimganda tangu siku hiyo hadi leo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akamaliza 1976, akaingia sekondari ya wasichana, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kumlaumu kwa kupiga soga, lakini hakuhitimu, kwani mwezi Agosti 1979 mama alifariki, baba akawa mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi hoi, Kitinda alikuwa na miaka sita, na Dada Mkubwa, bila kuitisha kikao wala kuombwa na mtu, akavaa aproni ya mama na kuendelea na nguo za wateja pale pale mama alipoziachia.

Mwaka uliofuata, mchana mmoja jikoni, Kitinda alivuta kitambaa kilichoning'inia chini ya sufuria la kuchemshia mashuka, sufuria likainama, na Dada Mkubwa akatia mkono wake wa kulia kati ya maji na mtoto, Kitinda hakupatwa hata na tone, bali mkono wa dada uliungua kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, na ulipopona ngozi ilikuwa imejikunja, haukunyooka tena maisha yake yote. Tangu hapo alivaa mikono mirefu, hata wakati wa joto, na sisi ndugu zake akatuambia, "Habari za mkono huu ziishie humu ndani, sitaki mtoto akue akijiona mkosaji." Kitinda alikuwa pale akisikiliza, na alikuwa ameshafikia umri wa kuelewa.

Tarehe 12 Januari 1981 aliajiriwa katika dobi ya hospitali, ile iliyo chini kabisa, yenye mashine za mlango wa duara na mikokoteni ambayo daima gurudumu moja hulia, akaanza kwa kukunja mashuka, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu, akastaafu mwaka 2018, na katika miaka yote hiyo wauguzi walijua kwamba ukitaka shuka safi haraka humpigii simu mkuu wa idara, unashuka ngazi na kumsalimia Dada Mkubwa kwa adabu.

Ni katika kazi hiyo ndipo alipokutana na mume wake, fundi lifti, siku lifti ya mizigo ilipokwama katikati ya ghorofa naye akiwa ndani na mkokoteni wake, na fundi alipofanikiwa kufungua mlango alimkuta amejilaza juu ya rundo la mashuka, naye Dada Mkubwa akamwuliza, "Na wewe ulikuwa umelala huko ulikokuwa?" Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa binti mwaka 1988 na mtoto wa kiume mwaka 1992, na Kitinda alihamia nao kama mtoto wao wa kwanza, akalala chumba kimoja na binti yao, akasomeshwa mpaka akamaliza chuo cha ukarani.

Sasa tunafika kwenye mpira, na wale wanaodhani mpira hauna nafasi kwenye msiba tunawaomba watuvumilie. Mwaka 1990 wafanyakazi wa dobi na wa jikoni waliunda timu ya softiboli ya wanawake, mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo, na ukidakwa kabla haujagusa chini mpigaji hutoka, wakacheza Jumapili kwenye uwanja wa nyuma ya maghala, nyasi upande mmoja na kokoto upande wa pili, na Dada Mkubwa aliposhika gongo mara ya kwanza aliupeleka mpira kushoto kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia. Mpira wa pili ukaenda kushoto, na wa tatu, na misimu yote iliyofuata, hata mpira uliorushwa mbali na mwili wake aliufuata, akauburuta, akaupeleka kushoto, ndipo watani wakaanza kumwita Mama Kushoto, naye akicheka nao na kusema kwamba ndiyo mapigo yake. Hawakujua kwamba mkono ule haukuweza kuufikia mpira wa mbali kwa namna nyingine.

Mwaka 1992 alimleta Kitinda kwenye timu, akamfundisha kushika mpira, akamfundisha kurusha, jioni baada ya jioni kwenye uchochoro ulio kando ya nyumba, mpaka msichana akawa mrushaji ambaye timu nyingine zilimwogopa, na mwaka 1997 kiwanda cha rangi kilipomwita, kikampa kazi ofisini na unahodha wa timu yake, Dada Mkubwa ndiye aliyempigia pasi blauzi ya usaili, ndiye aliyewanyamazisha wenzake wa dobi walionuna, akiwaambia, "Mwacheni mtoto ajitafutie maisha, mpira upo tu."

Fainali ya Jumapili tarehe 11 Oktoba 1998 ilizikutanisha dobi na kiwanda cha rangi. Dada Mkubwa alipoingia kupiga, Kitinda, akiwa pale katikati ameshika mpira, aliinua mkono na kuwaashiria wachezaji wake, wakahama wote wakajazana kushoto, upande wa kulia ukabaki mtupu kama chumba kilichohamwa, na mmoja wao aliposita, akiogopa kuacha pengo kubwa kiasi kile, Kitinda alimjibu kwa sauti ambayo benchi zote mbili ziliisikia, "Sogea tu, usihofu, mkono wake haunyooki, uliungua maji ya moto."

Akarusha mipira ya mbali, mmoja baada ya mwingine, na Dada Mkubwa akafanya kitu pekee alichokijua, akapiga kushoto, wakaudaka, akaingia tena, wakaudaka, na mara ya mwisho mtu mmoja miongoni mwa watazamaji alimwigiza, akakunja mkono wake mwenyewe kama bawa la kuku, watu wakaangua kicheko. Dobi ilishindwa. Dada Mkubwa aliwapa mikono wapinzani wote, alipofika kwa Kitinda akampa na yeye, akatembea hadi nyumbani bila kungoja gari la timu, akaketi kitandani na viatu vyenye tope, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwambia mume wake, "Hata kama wangeligundua wenyewe, ningevumilia, lakini huyu ndiye niliyemtunzia siri asijilaumu, naye kwenda kunivua nguo mbele ya watu."

Kesho yake Kitinda alikuja, akasimama mlangoni na mfuko wa matunda, akasema, "Dada, usininunie bwana, mchezo tu ule," na Dada Mkubwa akapokea mfuko, akamkaribisha chai, akazungumza naye habari za kazi, na mgeni alipoondoka akaosha vikombe vyote viwili, akakaa muda mrefu akiwa ameshika kile cha mdogo wake mpaka binti yake akakitoa mkononi mwake.

Watu wengi walidhani angeacha mpira, na yeye mwenyewe alidhani hivyo kwa wiki kadhaa, mpaka jioni moja mume wake alipochukua soksi zilizokuwa zikisubiri kukunjwa, akazifunga mafundo, akaanika mashuka matatu uani, moja kushoto, moja katikati, moja kulia, akamwita nje, akaanza kumrushia soksi huku akimtajia shuka la kulipiga wakati soksi imeshaondoka mkononi mwake. Mwanzoni ilikuwa balaa tupu, soksi zilienda juu ya paa, zilienda kwa jirani, na moja ilitua kwenye sufuria la mboga, jirani akatokea uzioni ameinyanyua kwa kijiko na kusema, "Jamani, kama mnataka kuonja semeni, msitume soksi."

Lakini fundi lifti alikuwa mtu wa kutazama jambo mpaka limfungukie, na baada ya majuma mengi alimwambia mkewe kwamba tatizo si mkono, ni haraka, "Wewe mpira unaufuata kule uliko, na kule mkono hauendi, uache uje, uache ukupite kidogo, upige ukiwa karibu na tumbo, kiwiko kikiwa kimekunjwa hivyo hivyo kilivyo." Dada Mkubwa alijaribu, akachelewa, akachelewa tena, akajikaza kisabuni, na jioni moja aliungoja mpaka alipodhani ameukosa, akageuza gongo kidogo tu, na soksi ikaenda kulia, ikapiga shuka katikati, shuka likavimba, mume akapiga ukelele kama kijana, na binti yao anasema mama yake hakucheka wala hakuruka, aliangalia mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Jumapili tarehe 17 Oktoba 1999 timu hizo zilikutana tena, Kitinda akainua mkono kama mwaka uliopita, wachezaji wakahamia kushoto, akarusha mpira wa mbali, na Dada Mkubwa akausubiri, akausubiri, akaupeleka kulia, ukabingirika kwenye kokoto tupu mpaka kwenye ukuta wa ghala, wala hakukuwa na mtu wa kuukimbilia. Alipoingia mara ya pili waligawanyika, nusu kulia, nusu kushoto, akaupitisha katikati, kando ya goti la Kitinda, na mara ya tatu, walipokuwa hawajui tena wasimame wapi, akaupiga kushoto kwa mazoea ya zamani, dobi ikashinda, wapishi wakambeba juujuu.

Familia ingependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo na moyo wake ukatulia. Haikuwa hivyo. Kitinda alimjia akiwa amefungua mikono, akicheka kwa furaha ya kweli, akamkumbatia mbele ya wote na kusema, "Unaona, dada? Bila mimi mpaka leo ungekuwa unapiga upande mmoja!" na Dada Mkubwa, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akingoja neno jingine kabisa, alisimama ndani ya kumbatio lile mikono ikiwa imelegea. Maneno hayo yakawa ndiyo hadithi yenyewe, Kitinda akayasimulia kazini kwake, akayasimulia kwenye arusi yake mwaka 2001 akiwa ameshika kipaza sauti, akaeleza jinsi alivyomchokoza dada mpaka akawa bingwa, akaigiza na ule mkono, wageni wakavunjika mbavu, na Dada Mkubwa aliyekuwa ameketi meza ya mbele, penye nafasi ya mama, alitabasamu kwa ajili ya picha. Wengi wenu mlicheka siku ile, hamkujua, na familia haiwalaumu. Alicheza hadi mwaka 2009, akapiga pande zote, akawafundisha wasichana wengi wa dobi kuungoja mpira, lakini jina la Kitinda hakulitaja tena uwanjani.

Mwezi Juni 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi kwenye ngazi, madaktari wakagundua kwamba moyo umechoka, akalazwa na kuruhusiwa mara kadhaa, na alipolazwa mara ya mwisho, Januari mwaka huu wa 2024, wodi ya ghorofa ya pili, alilalia mashuka ya dobi yake mwenyewe na kuyakosoa yalivyokunjwa. Huko Kitinda alikuja, alasiri, akavuta kiti, akasema mbele ya binti wa marehemu, "Dada, siku ile ya fainali nilijua ninachofanya. Kila nilichokuwa nacho ulinipa wewe, hata kurusha mpira, nilitaka kukushinda kwa jambo moja lililo langu, na sikuwa na jambo lolote langu ila kujua siri yako." Dada Mkubwa hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe, alimwomba amsaidie kugeuza mto, upande ule ulikuwa umepata joto, na Kitinda akaugeuza. Baadaye alimwambia binti yake, "Siku yangu semeni alichonifanyia, asiigeuze tena kichekesho, na mseme pia kwamba alikuja."

Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, mume na binti yake wakiwa pembeni, ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na wadogo zake wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo waliomhudumia kwa upole hata alipowagombeza, majirani waliotufungulia nyumba zao tukapata pa kuwalaza wageni, wafanyakazi wa dobi na jikoni waliobeba shughuli hii mabegani, na wachezaji wa timu zote mliokuja. Maneno haya Kitinda alisomewa jana jioni, kabla yenu, na familia ilimwuliza kama kuna lolote angependa tuliondoe, akasema hapana, akaomba tu awe amesimama wakati yanasomwa, na ndiyo maana mnamwona amesimama.

Dada Mkubwa, tumesema kama ulivyotuagiza. Nenda kapumzike kwa amani.